Ndege Waliovuka Bahari

Ni lini mara ya mwisho uliinua macho kutazama juu, si kwa kuangalia kama mvua inakuja ili uanue nguo, bali kwa kutazama tu? Sisi akina mama tisa wa kikundi kimoja cha kanisa hapa Mji Mkongwe, Unguja, tuliulizana swali hilo siku moja baada ya kikao chetu cha kila wiki. Tulicheka. Hakuna aliyekumbuka.

Aliyeanzisha maneno hayo ni mwenzetu aliye mwalimu wa skuli ya msingi. Alikuwa amewaambia wanafunzi wake wachore ndege watano wanaowafahamu. Wengi waliishia kwa wawili, kuku na kunguru. Mwalimu aliporudi nyumbani akajipima mwenyewe, naye akakwama baada ya saba. "Tunaishi kisiwani," alituambia, "ndege wanavuka bahari kuja kwetu kila mwaka, nasi hata majina yao hatuyajui."

Basi tukapanga kutenga Jumamosi na Jumapili moja ya mwezi Oktoba, vuli inapoanza, twende tukawatazame ndege hao. Tarehe aliichagua mwenzetu ambaye mume wake ni mvuvi, kwa kuwa yeye anajua bamvua linaanguka lini. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, na ndege wa pwani hushuka kwa wingi kula.

Waume zetu walilipokea jambo hili kila mmoja kwa namna yake. Mmoja aliuliza kama ndege hao wataletwa nyumbani wapikwe. Mwingine aliuliza nani atapika Jumamosi. Wa tatu alitoa darubini yake ya zamani kabatini bila kuombwa, na tangu siku hiyo tunamwita shemeji mwema.

Tuseme ukweli wetu. Miongoni mwetu wamo wauguzi wawili, mwalimu, mshonaji, wafanyabiashara ndogondogo na akina mama wa nyumbani. Kuhudumia watu tunajua, lakini kutulia hatujui. Alikuwamo pia mama mmoja ambaye ilibidi tumbembeleze aje. Binti yake wa kwanza alikwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani, na tangu aondoke mama huyo alipunguza maneno. Tulidhani hewa ya msituni itamsaidia. Hatukujua kwamba sisi wenyewe tulikuwa sehemu ya maradhi yake.

Wageni wa Darajani

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikutana karibu na soko la Darajani. Kunguru walikuwa wamefika kabla yetu, wanagombania utumbo wa samaki na maganda ya mapapai. Ni ndege tunaowalaani kila siku. Huiba mandazi kwenye sahani, huchukua vifaranga uani, na hula mayai na makinda ya ndege wadogo hadi mitaa mingine ikabaki bila sauti nyingine ila yao.

Lakini kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Alitoka India, na aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka za mji. Kutoka hapa alienea pwani ya bara. Katika miaka ya 1990 zilifanyika juhudi kubwa za kumpunguza, akapungua kweli, lakini baadaye akaongezeka tena. Sababu tuliiona pale pale chini ya miguu yetu. Tunamlisha sisi. Kila mfuko wa taka ulioachwa wazi ni meza aliyoandaliwa.

Juu ya paa za nyumba za zamani tuliwaona mbayuwayu wakipita kwa kasi, wakikamata wadudu hewani. Mwalimu alitufundisha kumtambua mmoja mwenye mkia uliogawanyika kama mkasi na koo jekundu la kahawia. Huyo huzaliana Ulaya na Asia. Baridi inapoanza kule, wadudu hutoweka, naye huanza safari ya maelfu ya kilomita kuja Afrika. Uzito wake ni kama gramu 20. Wauguzi wetu walipiga hesabu wakasema ni sawa na sukari ya vijiko vitano vya chai.

"Kumbe hawaondoki kwao kwa kupachukia," alisema mshonaji wetu. "Wanafuata chakula."

Mama wa binti wa Muscat alisikia, akageuka kutazama upande mwingine.

Kimya cha Jozani

Tulipanda gari tulilokodi, tukaelekea kusini mashariki hadi Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Msitu huo pamoja na eneo la Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na sehemu ya fedha wanazolipa wageni hurudi katika vijiji vinavyouzunguka. Watu wengi huenda huko kuwaona kima punju, ambao asili yao ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani tu, na si mahali pengine popote duniani. Tuliwaona, wakatutazama, wakaendelea kula majani yao.

Mwongozaji wetu alitupa sharti moja. Tukae kimya kwa dakika kumi. Jamani, akina mama tisa! Dakika ya kwanza mmoja alikohoa. Dakika ya pili simu ililia. Dakika ya tatu mtu alikumbuka kuwa hakufunga jiko la gesi, ikabidi apige kwao. Tukaanza upya.

Safari ya pili tuliweza, na msitu ukafunguka. Ilitoka sauti nzito ya kukoroma kutoka juu ya miti, kisha ndege mkubwa wa kijani akaruka kutoka tawi hadi tawi. Alipofungua mbawa, zilikuwa nyekundu kama khanga mpya. Huyo ni shorobo. Jamii hii ya shorobo huishi katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania na hapa Unguja. Wekundu wa mbawa zake una madini ya shaba ndani yake, jambo ambalo hutalikuta kwa ndege wa jamii nyingine.

Baadaye tulimwona hondohondo mwenye mdomo mkubwa mwekundu. Mwongozaji alitueleza namna wanavyolea. Jike huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo hutaga na kuatamia kwa wiki kadhaa, na dume ndiye anayemletea chakula kupitia ufa ule. Dume akikosa kurudi, familia yote imo hatarini.

"Mimi nifungiwe hata kesho," alisema mwenzetu mwenye watoto sita, "mradi niletewe chakula dirishani." Kicheko chetu kiliwakimbiza ndege wote waliokuwa karibu, na mwongozaji akakubali kuwa somo la kimya limekwisha.

Tope lenye uhai

Ng'ambo ya barabara, upande wa Pete, ipo njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Tulitembea juu yake mmoja mmoja, viatu mkononi. Maji yalikuwa yamepwa, na tope lilikuwa likitoa vishindo vidogo kama chungu kinachoanza kuchemka. Walikuwa ni kaa, mamia kwa mamia, wakiingia na kutoka mashimoni.

Wengi wetu tumekulia kuiona mikoko kama kuni na boriti. Pale tuliiona kama wodi ya watoto. Samaki wengi na kamba hukulia katikati ya mizizi yake kabla ya kwenda baharini. Mizizi hiyo hiyo huzuia mawimbi yasile ardhi. Juu ya tawi la mkoko alikaa mdiria, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu, ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake. Ghafla akashuka, akarudi na kaa mdogo mdomoni.

Kwenye tope alitembea sululu, ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini kama mundu. Alikuwa akiutia mdomo katika tundu la kaa hadi karibu na macho. Sululu hutaga katika nchi za kaskazini kabisa mwa Ulaya na Asia, mahali ambapo kiangazi ni kifupi. Makinda yakishakua, wote hushuka kusini. Mdomo wake umepinda sawasawa na matundu ya kaa wa kwetu, utadhani aliumbwa akiwa ameliona tope la Pete.

Tulirudi mjini jioni, tumechoka lakini tumechangamka. Katika daftari la mwalimu walikuwamo ndege 19.

Mzazi na kinda

Jumapili tulihudhuria ibada ya kwanza, kisha tukaondoka kwenda Chwaka, pwani ya mashariki, kiasi cha kilomita 30. Njiani mwalimu alitukumbusha kwamba hata nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwatazama ndege wa angani wanaojua majira ya kwenda na kurudi kwao, akawaona wana akili kuliko watu wake.

Maji yalikuwa yamepwa mpaka yakawa mstari mwembamba mbali upeoni. Akina mama wa Chwaka walikuwa wametapakaa kwenye mchanga na tope, khanga zimefungwa kiunoni, wakiokota kombe. Tuliwasalimu, na mmoja wao, mtu mzima, akatuuliza tunatafuta nini.

"Tunatazama ndege, bibi."

"Ndege? Kwenu mjini hawapo?"

"Wapo, lakini hatukuwa tumewaona."

Alicheka sana. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye ufuko wa mchanga. "Basi watazameni wale weupe. Wale ni wageni wa kila mwaka. Wanakula kaa kuliko sisi."

Walikuwa kama thelathini, wamesimama pamoja. Ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene kuliko wa ndege wengine wa pwani. Mwalimu alifungua kitabu chake cha picha akapiga kelele ya furaha. Wale ni ndege walao kaa, ambao huzaliana katika mchanga wa pwani na visiwa vya Uarabuni, kwenye Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Oman. Wakishamaliza kuzaa, wengi huja kukaa pwani ya Afrika Mashariki.

Zamani watu wa Oman walikuja huku kwa majahazi, wakisukumwa na kaskazi na kurudi kwa kusi. Ndege hawa hawasubiri kaskazi. Huanza kufika hata kabla ya tanga mbili.

Maisha yao ni ya ajabu. Badala ya kujenga kiota juu ya mti, huchimba handaki mchangani kwa mdomo na miguu. Huko ndani hutaga yai, na joto la mchanga husaidia kuliatamia.

"Mayai mangapi?" aliuliza mama wa binti wa Muscat. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu Jumamosi.

"Moja tu," alijibu mwalimu.

Maji yakaanza kujaa, nao wakasogezwa karibu na sisi. Tukaanza kuwaona vizuri. Miongoni mwa weupe walikuwamo wengine wenye rangi ya kijivu. Hao ni makinda ya mwaka huo. Kinda moja, ambalo kwa ukubwa lilikaribia kabisa kuwa sawa na mzazi wake, lilikuwa likimfuata ndege mweupe kila alipokwenda, limeinamisha kichwa, likilia. Yule mweupe alikimbia hatua chache, akamnasa kaa, akampiga chini mara mbili tatu. Kisha akageuka akalipa lile kinda.

Tulipokezana darubini bila kusema neno. Mwalimu akatusomea kwa sauti ya chini kwamba ndivyo walivyo. Wengi wa ndege wa pwani huwaacha watoto wao mapema wajitafutie, lakini hawa huendelea kuwalisha kwa miezi, hata baada ya kuvuka bahari na kufika ugenini.

Kuku havunji yai lake

Mama wa binti wa Muscat alirudisha darubini, akaenda kuketi kwenye ubavu wa ngalawa iliyokuwa imevutwa ufukweni. Tulimfuata. Hakulia. Alizungumza kama mtu anayesoma orodha.

Binti yake ana miaka 22. Mama alitaka amalize chuo cha ushonaji, yeye akataka kwenda kutafuta fedha. Siku ya kuondoka, mama alimwambia: "Ukivuka bahari hiyo, usinitafute." Binti akavuka. Mwezi wa kwanza alituma ujumbe karibu kila siku. Shikamoo mama. Nimefika salama mama. Huku joto mama. Mama alisoma wote, hakujibu hata mmoja. Mwezi wa Juni ujumbe ukakoma.

"Kwa nini hukumjibu, dada?" mmoja wetu aliuliza.

Akatutazama mmoja mmoja. "Ninyi mliniambia nisimjibu."

Msomaji wetu, hatukuwa na la kujitetea. Mwezi wa Februari tulikwenda nyumbani kwake kumfariji. Tulikunywa chai yake, tukala mihogo yake, tukamshauri kwamba mtoto asiyemsikia mzazi aachwe afundishwe na dunia. "Shikilia msimamo," tulisema. "Akikwama atamkumbuka mama yake." Tukaomba, tukaaga, tukarudi nyumbani kwa watoto wetu waliokuwa wakitusubiri mezani. Tulihesabu kuwa tumemtia nguvu.

Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Sisi tulimshika mwenzetu mkono ili alivunje. Na miongoni mwetu wamo wauguzi, ambao kila siku wanawaambia akina mama wasiache kumnyonyesha mtoto kwa sababu amewauma ziwa.

Tulimwomba radhi pale pale, kwenye mchanga. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hata mimi nina kichwa. Sikulazimika kuwasikiliza."

Gari lilipofika Dunga wakati wa kurudi, alituomba tukae kimya. Safari hii tuliweza mara ya kwanza. Akatoa simu, akarekodi ujumbe wa sauti. Ulikuwa mfupi: "Mwanangu, ni mama. Umekula?"

Jibu halikuja Jumapili wala Jumatatu. Wauguzi wawili waliokuwa zamu ya usiku walikuwa wakimpigia kila alfajiri kuuliza. Lilikuja Ijumaa. Binti alisema anapewa simu siku ya Ijumaa tu. Mwezi wa Juni aliugua homa wiki mbili, akatunzwa na mwenzake Mfilipino anayefanya kazi nyumba hiyo hiyo. Hakuandika tena kwa sababu aliamini mama amemfuta. Na ndiyo, alikuwa amekula.

Kama mtoto wako yuko mbali

Hatusemi kazi ile ni nzuri kwa kila binti. Wako waliorudi na mtaji, na wako waliorudi na majeraha. Lakini tumejifunza mambo ambayo tungependa uyafahamu mapema kuliko sisi:

1. Jibu. Hata kama una hasira, jibu. Ugomvi unaweza kusubiri, ila mtoto mgonjwa hasubiri.

2. Kabla hajaondoka, baki na nakala ya pasi yake ya kusafiria na ya mkataba wake, pamoja na jina na anwani ya mwajiri. Tanzania ina ubalozi Muscat. Nambari yake iwe kwako na kwake.

3. Panga naye siku maalumu ya kuzungumza. Siku hiyo ikipita kimya, utajua mapema kwamba kuna jambo.

4. Muulize kuhusu chakula, usingizi, afya na mshahara wake. Usianze na fedha za kutuma nyumbani.

5. Ukimtembelea mama mwenye mtoto mbali, msikilize. Ushauri wako uache mlangoni pamoja na viatu.

Nawe unaweza kwenda

Kutazama ndege hakuhitaji fedha nyingi. Darubini moja inatosha watu sita, na macho matupu yanatosha kuanzia. Nenda alfajiri au jioni. Pwani, uliza kwanza saa ya maji kupwa, fika kabla hayajarudi, ukae mahali ndege watakaposogezwa kwako. Vaeni kofia, chukueni maji ya kunywa, na watoto wavae viatu vya plastiki kwa ajili ya miba ya baharini. Ndege waliokaa kupumzika msiwakimbize, kwani wana safari ndefu. Mkimkuta ndege aliyekufa msimguse, na mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Nyumbani, funika pipa la taka. Hapo utakuwa umewasaidia ndege wadogo wa mtaani kwako.

Daftari la mwalimu lilifikia ndege 31. Mwezi wa Machi na Aprili wale waliotoka kaskazini wataanza kurudi makwao, nasi tumekubaliana kwenda Chwaka tena kabla hawajaondoka. Mkataba wa binti bado una zaidi ya mwaka mmoja. Mama yake hajaipenda kazi ile, na kila Ijumaa humwambia hivyo, baada ya kumuuliza kama amekula.